Umeme wa Moyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Betri ya Moyo, Kuchoma Njia za Umeme na Mafunzo ya Wataalamu Wake

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa kliniki, wodini na katika vikao vya madaktari vijana. Sehemu za mwanzo zinamhusu zaidi mgonjwa na ndugu zake. Sehemu ya nne na ya tano zinahusu hospitali na mafunzo, ingawa mgonjwa naye hatapoteza kitu akizisoma, hasa swali la 13.

## Sehemu ya kwanza: Misingi

1. Moyo una umeme kweli?

Ndiyo, na unautengeneza wenyewe. Katika chumba cha juu cha kulia kuna kifundo cha seli kinachotoa mshtuko mdogo mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Mshtuko huo husambaa vyumba vya juu, hufika kituo cha katikati na kucheleweshwa kidogo ili vyumba vya chini vijae damu, kisha hushuka kwa matawi mawili, la kulia na la kushoto.

Hitilafu ziko za namna mbili. Ama umeme hautoki au haufiki, mapigo yanapungua na mtu anaona kizunguzungu au anazimia. Ama umeme unazunguka kama gari kwenye kiplefti, au unachipuka mahali pasipo pake, na mapigo yanakwenda mbio. Ya kwanza dawa yake mara nyingi ni betri. Ya pili hutulizwa kwa dawa au huchomwa.

2. Moyo unanienda mbio ghafla, lakini nikifika hospitali umetulia na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) haionyeshi kitu. Nifanyeje?

ECG nzuri ukiwa umetulia haimaanishi kwamba unajisingizia. Kipimo kinachotakiwa ni kile cha wakati moyo unakimbia, basi kimbilia kituo chochote cha karibu chenye mashine ya ECG, hata kama hakina daktari wa moyo. Omba karatasi yenye njia zote 12 na uipige picha kwa simu papo hapo. Karatasi hizo hufifia, na zikiingia kwenye faili hupotea. Picha moja ya namna hiyo ina thamani kuliko miezi sita ya kusimulia.

Andika pia mapigo yalianzaje na yaliishaje. Yanayowaka na kuzimika kama swichi yana maana tofauti na yanayopanda polepole na kushuka polepole. Kipimo cha kuvaa saa 24 kinamfaa mtu anayepatwa kila siku. Kwa anayepatwa mara moja kwa mwezi ni bahati nasibu. Kabla ya yote pimwe wingi wa damu, tezi ya shingo na chumvichumvi za damu, hasa potasiamu.

Usisubiri miadi kama umezimia ukiwa unakimbia au kucheza, au kama katika familia kuna kijana aliyefariki ghafla bila sababu kujulikana.

3. Mapigo yakinishika nyumbani, kuna la kufanya kabla ya kwenda hospitali?

Kama hujabanwa kifua, hupumui kwa shida wala huoni giza, jaribu hivi. Egemea mto, nusu kukaa nusu kulala. Puliza kwenye bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, kwa nguvu ya kutosha tu kusogeza pistoni, kwa sekunde 15. Ukimaliza, hapo hapo laza mgongo chali, na mtu akunyanyue miguu hadi nyuzi 45 kwa sekunde 15 nyingine.

Watu wengi hupuliza vizuri halafu wakasahau miguu, na miguu ndiyo yenye kazi. Katika utafiti wa REVERT uliofanyika Uingereza na kutangazwa mwaka 2015, njia hii ilirudisha mapigo kwa wagonjwa 43 kati ya 100, wakati kupuliza bila kunyanyua miguu kuliwarudisha 17 tu. Mambo ya kukandamiza macho yaacheni, na shingo ya mzee isikandwe na mtu asiye daktari.

4. Pesimeka, ICD, CRT na ablesheni: tofauti yake ni nini?

Pesimeka, ambayo wengi huiita betri ya moyo, husukuma moyo uliozubaa. ICD hufanya hivyo pia, lakini kazi yake kubwa ni kuushtua moyo ulioingia mdundo wa kuua. CRT ina waya wa ziada ili kuta mbili za chini zipige pamoja, na huwafaa baadhi ya wenye moyo uliochoka. Ablesheni haiachi kifaa mwilini: daktari huingiza waya kupitia kinena na kuunguza au kugandisha kipande kidogo cha nyama ya moyo kinachopitisha umeme wa hitilafu.

## Sehemu ya pili: Betri ya moyo

5. Mzee wetu ameambiwa awekewe betri. Inawekwaje?

Kwa kawaida halazwi usingizi mzito. Ndani ya saa moja kabla ya kuanza hupewa antibiotiki ya mshipa. Sindano ya ganzi hupigwa chini ya mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto, ngozi hupasuliwa sentimita chache, na waya mmoja au miwili hupitishwa kwenye mshipa wa damu hadi ndani ya moyo huku daktari akitazama kwenye eksirei ya moja kwa moja.

Kazi yenyewe iko kwenye kupima. Fundi huushusha umeme kidogokidogo hadi moyo uache kuitikia, ili kujua kiwango cha chini kinachotosha. Chini ya volti 1 ni pazuri. Kisha hupima kama waya unausikia moyo wenyewe ukipiga, na ukinzani wa waya uko ohm ngapi. Namba zikiwa mbaya, waya huhamishwa hata kama umechukua nusu saa kukaa. Daktari anayesema "itatosha" hapo ndiye atakayemrudisha mzee mezani wiki ijayo.

Kama mzee anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiache kwa amri ya ndugu. Zamani waliisimamisha na kumwekea heparini, dawa ya sindano ya kazi hiyo hiyo. Utafiti wa BRUISE CONTROL wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kuendelea na warfarini kulipunguza damu kuvilia mfukoni (nafasi chini ya ngozi linapokaa kasha la betri) kutoka asilimia 16 hadi 3.5.

6. Ni nini huharibika, na tutajuaje?

Siku za mwanzo, waya unaweza kuhama, hewa inaweza kuingia nje ya pafu, au damu ikavilia chini ya ngozi. Kwikwi zisizokoma, au tumbo kuruka kwa mpigo, huashiria waya unaosisimua msuli wa pumzi. Kizunguzungu kilichokwisha kikirudi, rudini.

Linaloogopesha zaidi ni mfuko kuingia vijidudu. Ngozi ikiwa nyekundu, ikivimba, ikitoa majimaji au kasha likianza kuchungulia, msiipasue, msiweke mafuta wala majani, na mhudumu asiingize sindano kuvuta usaha. Vidonge vya antibiotiki peke yake haviponyi. Kasha na nyaya vyote hutolewa, na kuzing'oa nyaya za miaka mingi ni kazi ngumu inayohitaji daktari wa upasuaji wa moyo awe karibu.

Mkono wa upande huo usipandishwe juu ya bega kwa wiki 4 hadi 6, lakini usifungwe kabisa. Wazee wengi hutoka na betri nzima na bega lililokakamaa.

7. Betri hudumu miaka mingapi?

Takriban 8 hadi 12, kulingana na moyo unavyoitegemea. Ikikaribia kuisha, kasha zima hubadilishwa na nyaya zikiwa nzima hubaki. Mtu wa kwanza kupandikizwa pesimeka, Msweden Arne Larsson, aliwekewa mwaka 1958 kifaa kilichofanya kazi saa chache tu. Alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 na akaishi hadi 2001, akafariki na miaka 86.

Kliniki ya kuangalia betri msiikwepe. Na lipo jambo ambalo hospitali nyingi hazilisemi mapema: kila kampuni ina programa yake, yaani kompyuta ya kusomea kifaa, na ya kampuni moja haisomi kifaa cha nyingine. Mtu aliyewekewa Mumbai anaweza kufika Dodoma akakosa wa kumsomea. Kadi ya kifaa itembee na mgonjwa, na picha yake iwe kwenye simu za watoto wawili.

8. Vipi kuhusu simu, kuchomelea, uwanja wa ndege na MRI?

Simu ikae sentimita 15 kutoka kwenye kifaa, na isiwe kwenye mfuko wa shati wa upande huo. Sumaku za spika kubwa na chaja zinazojishika kwa sumaku zina sheria hiyo hiyo. Uwanja wa ndege onyesha kadi na upite bila kusimama langoni. Fundi wa kuchomelea amuulize daktari wake kabla ya kurudi kazini, maana jibu linategemea aina ya kifaa na ampea za mashine. Mwenye ICD huzuiwa zaidi. MRI inawezekana kwa vifaa vingi vya sasa, mradi kasha na nyaya vyote ni vya aina inayoruhusiwa na kifaa kipangwe upya kabla na baada ya kipimo.

9. Nimesikia kuna betri zilizotumika na watu wengine. Ni salama?

Ushahidi ni mzuri kuliko watu wanavyodhani. Taarifa kutoka Kanada iliyotoka mwaka 2020 ilifuatilia wagonjwa 1,051 wa Meksiko, Amerika ya Kati na Karibiani waliopewa vifaa vilivyosafishwa upya na kulinganisha na waliopata vipya. Baada ya miaka 2 tofauti ya maambukizi au kifo kutokana na kifaa ilikuwa ndogo, asilimia 2.0 kwa 1.2, na hakuna aliyekufa kwa maambukizi. Mradi wa Chuo Kikuu cha Michigan ulifanya jaribio ambalo anayepata kifaa kipya na anayepata kilichotumika walichaguliwa kwa bahati nasibu, katika nchi 7, Kenya ikiwamo, na matokeo ya siku 90 yaliyotangazwa mwishoni mwa 2024 hayakuonyesha kuwa vilivyotumika ni vibaya zaidi.

Yanayorudiwa ni makasha. Nyaya huwa mpya. Mgonjwa lazima aambiwe na akubali, na kifaa kiwe kimepimwa betri iliyobaki. Kifaa kilichochemshwa na kufungwa kienyeji bila kumbukumbu si hicho tunachokizungumzia.

## Sehemu ya tatu: Kuchoma njia za umeme

10. Ablesheni inaponya moja kwa moja?

Inategemea nini kinachomwa. Kwa kiplefti kilichoko kwenye kituo cha katikati, au njia ya ziada ya kuzaliwa nayo, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 hupona kwa siku moja na kuacha dawa. Nyaya tatu au nne huingia kinenani, daktari huuchokoza moyo hadi mapigo ya mbio yaanze, huitafuta njia, kisha huiunguza kwa joto la nyuzi 50 hadi 60. Hatari inayoogopwa hapa ni kuunguza kituo chenyewe, ambapo mgonjwa hutoka akihitaji betri. Hutokea kwa karibu mmoja kati ya 100 au pungufu. Baadaye hulala chali saa 4 hadi 6 ili kinena kisivuje.

Kwa AF, ambapo vyumba vya juu hutetemeka badala ya kupiga, hesabu ni nyingine. Soma swali la 11.

11. Nina AF. Nikachomwe?

Mwaka 1998 timu ya Bordeaux, Ufaransa, ilionyesha kwamba cheche nyingi za AF hutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Tangu hapo kazi ni kuizungushia mishipa hiyo uzio wa kovu, kwa joto, kwa puto la baridi kali, na sasa kwa mapigo mafupi ya umeme yanayotoboa seli za moyo na kuacha umio karibu bila kuguswa. Njia hii ya tatu iliidhinishwa Marekani Desemba 2023 na Januari 2024, na ndiyo inayosambaa kwa kasi kuliko zote. Usiahirishe matibabu ukiisubiri. Mikono ya mchomaji ina uzito zaidi ya chapa ya mashine.

AF ya kuja na kuondoka hutulia mwaka mzima kwa takriban watu 7 kati ya 10 baada ya kuchomwa mara moja. Wengine hurudi mezani. Jaribio la CABANA, lililotoka 2019 likiwa na wagonjwa 2,204, halikuthibitisha kwamba kuchoma hupunguza vifo kuliko dawa, lakini waliochomwa walisumbuliwa kidogo na wakaishi vizuri zaidi. EAST-AFNET 4 la mwaka 2020 liliongeza kwamba kuurudisha mdundo mapema, ndani ya mwaka mmoja wa kugunduliwa, hupunguza kiharusi na vifo vya moyo, na wengi humo walitumia dawa tu. Basi linaloharibu zaidi ni kukaa miaka mitano bila mpango.

Dawa ya kuzuia damu kuganda huendelea angalau miezi 2 hadi 3 baada ya kuchomwa. Mwenye hatari ya kiharusi huendelea nayo hata moyo ukitulia.

Kwa wahudumu wa vituo vya mbali: mtu aliyechomwa AF akija baada ya wiki 2 hadi 8 na homa, maumivu ya kumeza au dalili za kiharusi, usimpe dawa ya malaria na kumrudisha nyumbani. Huenda umio umetoboka kuelekea moyoni. Apigwe CT ya kifua haraka, asiingizwe kamera ya tumbo, na apelekwe kwenye upasuaji. Ni nadra, lakini huua.

12. AF yangu imetokana na valvu iliyoharibiwa na homa ya rumatiki. Mambo ni yale yale?

Hapana, na Afrika Mashariki wagonjwa wa namna hii ni wengi, wengine hawajafika hata miaka 40. Valvu iliyobana ikiachwa, chumba cha juu hutanuka na uzio wa kovu haushiki. Valvu hushughulikiwa kwanza. Dawa nayo ni tofauti: jaribio la INVICTUS la mwaka 2022, lenye wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, lilionyesha vifo vichache kwa waliotumia dawa za kundi la warfarini kuliko waliotumia rivaroxaban, mojawapo ya vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda. Mtu akikuuzia vidonge vipya "visivyohitaji kupima damu", mwambie una valvu ya rumatiki.

## Sehemu ya nne: Hospitali

13. Nimuulize nini daktari kabla sijakubali?

Muulize anafanya ngapi kwa mwaka, na hospitali nzima inafanya ngapi. Si utovu wa adabu. Kumbukumbu za hospitali za Marekani za 2000 hadi 2010, zikihesabu wachomwaji wa AF wapatao 93,800, zilionyesha madhara kwa asilimia 6.29 na vifo hospitalini asilimia 0.46, na yalikuwa mengi zaidi kwa madaktari waliofanya chini ya 25 kwa mwaka na hospitali zilizofanya chini ya 50. Zana za leo ni salama zaidi, lakini uhusiano wa idadi na usalama haujafutika. Uliza pia: damu ikizunguka moyo, nani ataitoa na yuko wapi saa hiyo? Nani atanisomea kifaa baada ya miezi mitatu?

14. Hali ikoje Afrika ukilinganisha na kwingine?

Jumuiya ya madaktari wa moyo ya Afrika, PASCAR, ilikusanya takwimu za nchi 31 kwa miaka 2011 hadi 2016. Nchi 8 hazikuweka pesimeka hata moja. Nchi ya katikati kwenye orodha iliweka 2.66 kwa kila watu milioni, na tofauti ilikuwa kuanzia 0.14 hadi 233. Kwa kipimo cha katikati, nchi ya watu milioni 60 ingeweka kama 160 kwa mwaka. Bei zilipishana hadi mara 1,000. ICD ziliwekwa katika nchi 12, mara nyingi na timu za wageni, na kusini mwa Sahara ni Afrika Kusini pekee iliyoripotiwa kuchoma njia za umeme.

Tangu hapo mambo yamesogea. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) pale Upanga, Dar es Salaam, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, zinafanya kazi za umeme wa moyo. Uganda wagonjwa wa betri huenda Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago.

15. Kambi za madaktari wageni zinasaidia?

Zinasaidia wanaopata nafasi wiki ile. Kambi nzuri huacha mwenyeji akishika waya mwenyewe mgeni akiwa pembeni, nyaya za akiba na programa. Kambi mbaya huacha picha za kumbukumbu na vifaa visivyo na wa kuvisoma. Aliyewekewa Jumanne huvimba mfuko Jumatatu ijayo, na mgeni yuko angani.

## Sehemu ya tano: Mafunzo

16. Inachukua miaka mingapi kuwa mtaalamu wa umeme wa moyo?

Tanzania, udaktari miaka 5, intanishipu 1, ubingwa wa magonjwa ya ndani 3, kisha ubobezi wa moyo MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili) miaka 2. Jumla 11, na hapo bado hujagusa ablesheni, ambayo wengi huifuata nje kwa mwaka mmoja au miwili. Marekani ni miaka 3 ya magonjwa ya ndani, 3 ya moyo na 2 ya umeme wa moyo. Mwaka huo wa pili uliongezwa kuwa lazima 2017, kwa sababu AF ilikuwa imejaza ratiba na mwaka mmoja haukutosha.

17. Daktari wa moyo wa kawaida anaweza kujifunza pesimeka bila hayo yote?

Anaweza, na kwa maoni yetu ndipo fedha za nchi zianzie. Pesimeka rahisi inahitaji kathilabu (chumba cha kupitishia waya hadi moyoni kwa eksirei) au hata mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji, na miezi ya mafunzo badala ya miaka. Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, imekuwa ikipokea madaktari wa nchi nyingine za Afrika kwa ajili hiyo. Mtu mwenye mapigo 30 hahitaji ramani ya moyo ya pande tatu, ile ya kompyuta inayotumika wakati wa kuchoma. Anahitaji waya wiki hii.

18. Na wauguzi na mafundi?

Hao ndio husahaulika, na wakikosekana mashine ya mabilioni hugeuka fanicha. Anahitajika wa kusoma mawimbi, wa kuendesha mfumo wa ramani, wa kupanga vifaa. Mtihani wa IBHRE, bodi ya kimataifa inayopima wataalamu wa umeme wa moyo, uko wazi kwa wasio madaktari pia. Hospitali ikimsomesha daktari mmoja nje, imsomeshe na fundi mmoja. Akirudi peke yake atakaa akisubiri, na mikono isiyofanya kazi husahau.

## Sehemu ya sita: Hali za pembeni

19. Mjamzito anaweza kuwekewa betri au kuchomwa?

Betri ndiyo, kwa eksirei kidogo sana. Kuchoma huahirishwa hadi ajifungue, isipokuwa mapigo yanahatarisha maisha. Hapo hufanyika kwa ramani ya kompyuta, karibu bila mionzi.

20. ICD imenishtua. Nifanye nini?

Mara moja na unajisikia vizuri, piga simu kliniki siku hiyo hiyo. Mara mbili au zaidi ndani ya saa 24, au mara moja ukiwa na maumivu ya kifua au umezimia, nenda dharura. Mtu anayekugusa wakati huo anaweza kusikia mtekenyo tu. Haumdhuru.

21. Mgonjwa akifariki, kifaa kitolewe?

Kwa mazishi ya kaburini si lazima. Kwa familia zinazochoma maiti ni lazima kitolewe, kwa sababu betri hulipuka tanurini. ICD izimwe kwa programa kabla haijaguswa, maana inaweza kumshtua anayeitoa. Mgonjwa wa ICD aliye katika siku zake za mwisho nyumbani, familia iombe mapema sehemu ya kushtua izimwe. Pesimeka huachwa kama ilivyo.